Vitabu vya mtihani vinaua hamu ya kusoma?

Mama Kuku, Nakuru
Mwezi huu nimemaliza vitabu vinne vya mtumba, vile vya kutandazwa juu ya gunia Kenyatta Avenue. The River and the Source nilikichukia shuleni, tuliandika sifa za Akoko, yule mhusika mkuu, mpaka wino ukaisha. Sasa nimekisoma bila mtihani, ndani ya matatu ya Kisumu. Mwanawe Obura alipofia vitani nilianza kulia Londiani, nikanyamaza Ahero. Kondakta alidhani nimefiwa. Lakini nduguye Owang' Sino alipokwamwa na mwiba wa samaki nilicheka, Mungu anisamehe. Mtu wa ziwa kuuawa na samaki!

Rosa Mistika: yule Zakaria, babake Rosa, nilitaka kumvuta kutoka kwenye karatasi nimzabe makofi. Siku Njema kimenitesa. Kijana ametoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta babake, nami nakuta karatasi ya mwisho imechanwa. Mwenyewe wa kwanza ameacha penseli yake pembeni: "sifa: mvumilivu", ukurasa unaofuata, "mvumilivu tena". Cha nne ni cha kufuga kuku wa kienyeji. Sikulia, ila nimechanja vifaranga 40 na hakuna aliyekufa.

Swali: hivi vitabu vya lazima vinatupa wasomaji, au watu wa kutafuta sifa kwa penseli?

Jakondele
Dada, umesema mengi mazuri ila hapo kwa mwiba umetukosea. Mwiba haujui kabila.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Nimefundisha fasihi miaka 28. Bila mtihani hao wanafunzi wangejua tu majina ya wachezaji wa Gor Mahia. Huyo mwenye penseli alikuwa anafanya kazi niliyompa. Na karatasi inachanwa na mnunuzi, si na mwalimu.

Omwami 254
Mwalimu, ulitusomesha mwongozo, si kitabu. Nilipata B fasihi bila kufungua riwaya hata moja.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Na inaonekana.

Jakondele
Turudi kwa samaki. Anayekula ngege tangu utotoni anautoa mwiba kwa ulimi, mkono haufiki mdomoni. Huyo Owang' lazima alikula mbuta, yaani sangara, mbuta ana mifupa mibaya.

Nyar Usenge
Jaduong', mbuta gani? Mbuta waliletwa ziwani miaka ya 1950. Owang' Sino alikufa wakati wa wakoloni wa kwanza, nduguye amefia Vita vya Kwanza. Hapo ni ningu au kamongo.

Jakondele
Kamongo hana mwiba wa kukwama. Umewahi kumla au umemwona kwa picha?

Nyar Usenge
Nimezaliwa Yimbo, kwao Akoko mwenyewe. Wewe umezaliwa lami.

Mtoto wa Cherangany
Kumbe mnagombania samaki na mtu ameuliza juu ya vitabu. Mama Kuku, aliyeandika Siku Njema ni yule mzee wa Pwani?

Omwami 254
Pwani wapi! Ken Walibora alikuwa wa huku kwetu magharibi, na wewe wa Cherangany ndiye ungepaswa kumjua. Ndiyo shida, mkisoma Kiswahili kitamu mnadhani lazima mwandishi amevaa kanzu.

Mtoto wa Cherangany
Nimeuliza tu, usinipandie kichwani.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
The River and the Source kilitoka 1995, kikashinda tuzo mwaka huo huo. Hicho ndicho kitabu. Hivi vya kulialia kwenye matatu sijui.

Nyar Usenge
1994, Mwalimu. Tuzo ya Commonwealth ndiyo 1995. Na Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, hakungoja mtu amwandikie mwongozo. Mwiba kwenye koo la mtu ameuandika kama anayejua koo.

Jakondele
Hapo nimenyamaza. Lakini ngege si ningu.

Mama Kuku, Nakuru
Nimeuliza swali moja, nimepewa samaki wanne. Hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya mwisho ya Siku Njema? Nataka tu kujua kama kijana alimpata babake.

Omwami 254
Nikikuambia nitakuharibia.

Mama Kuku, Nakuru
Nimeshaharibiwa na mwenye penseli.

Nyar Usenge
Ninacho kizima, hakina penseli. Nitakuwa Kibuye Jumapili, sokoni, upande wa mitumba. Nitakuazima, ila nawe uniletee kitabu.

Mama Kuku, Nakuru
Kipi, Rosa?

Nyar Usenge
Cha kuku.

Jakondele
Na mimi cha kuku.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Akimaliza Jakondele, mimi nifuate. Kideri kimenimalizia kuku 12.