Naomba shauri: nikate nini, nibakishe nini?

Bandugu na badada ba Goma, munisaidie mawazo. Tangu mabanki ifunge huku mu 2025 mushahara ya bwana yangu inapitaka ku simu, inakawia, na kuitosha tunakatwa tena, ile inafika ku nyumba ni kidogo. Moto (pikipiki ya taksi) nimeacha, Katindo mpaka Birere natembeaka kwa miguu, mega za video nimekata, sukari pia. Maharagi naloweka usiku ili makala (mkaa) isiishe mbio, na hiyo kweli inasaidia sana!!

Sasa imebaki vitu tatu: fromaji (jibini) ya Masisi ya siku ya mungu, kusuka nywele yangu, na kahawa. Bwana anasema fromaji itoke. Mie nasita, juu batoto banaingojaka wiki muzima, na iyo ni chakula, si raha tupu. Nywele naweza kusukana na jirani, lakini niko nauzisha bitenge, wateja banatuangaliaka kwanza.

Nyie mungefanya namna gani? Na mwenye kutumia mbabula (jiko ya makala) ya kisasa aniambie, gunia ya makala inamufikisha wapi?