Mfumo wa karani asaini mkurugenzi? Tujadili nani mwenye haki ya kusema "tumeupokea"

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili hili bila jazba. Kazi yangu ni kusimika mifumo ya kompyuta maofisini, na kila ripoti ya mradi ina sentensi ileile: watumiaji walishirikishwa. Uliza ni watumiaji gani. Wakuu wa idara. Kikao cha kukusanya mahitaji kinafanyika hotelini, kina posho, kwa hiyo majina yanapangwa kwa vyeo. Aliyeko dirishani anabaki dirishani, maana wananchi watahudumiwa na nani?

Kuna hospitali moja fomu ya kusajili mgonjwa ilidai majina matatu na namba ya simu, bila hivyo haisongi. Sasa wodi ya wazazi, mtoto kazaliwa saa nane usiku, jina hana. Kwenye karatasi wangeandika "Mtoto wa Asha", kazi inaendelea. Mfumo ukagoma. Wauguzi wakaanza kuweka nukta jina la kwanza, nukta la pili, nukta la tatu, simu sifuri kumi. Muda si mrefu ukimtafuta mtoto unaletewa ukurasa mzima wa nukta. Muuguzi yeyote wa zamu angeliona hilo mapema, lakini hakuulizwa. Kaunta buku likarudi mezani kimyakimya, na mkurugenzi alikwishasaini kwamba mfumo umepokelewa na unafanya kazi vizuri.

Msimamo wangu: sehemu ya mwisho ya malipo ya mzabuni isitoke mpaka watu wa dirishani, waliochaguliwa na wenzao, wautumie mwezi mzima kwenye kazi halisi kisha wasaini wao. Mafundi tunalaumiwa bure. Shida ni nani ndani ya ofisi ana ubavu wa kusema "bado".

Na si kwetu tu. London, tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ilihamia kwenye mfumo wa kupanga magari kwa kompyuta. Uongozi ulikuwa umeng'ang'ania tarehe, zabuni ikaenda kwa bei ya chini kabisa, na mafunzo yalitolewa mapema mno kiasi kwamba siku ya kuanza watu wameshasahau. Magari mawili yanatumwa sehemu moja, kwingine haliji hata moja. Tarehe 4 Novemba mfumo ukakwama kabisa, wakarudi kwenye karatasi. Mfumo uliofuata, wa 1996, ulijengwa polepole pamoja na wafanyakazi, na huo ulisimama.

Mhasibu Mstaafu

Mkuu, umewapamba mno hao watu wa dirishani. Mimi nimekaa nao miaka. Serikali ya Tanzania ilipoanza mwaka 2017 kuhamishia malipo kwenye namba ya kumbukumbu, mtu akalipe benki au kwa simu, unadhani waliokuwa wanaishi kwa kitabu cha stakabadhi wangesaini? Wangekwambia mtandao unasumbua mpaka leo. Mengine lazima yatoke juu, tena kwa amri. Posho ya hotelini nakubaliana nawe, ile ni aibu.

Afisa TEHAMA wa Wilaya

Nyote mnazungumzia saini kana kwamba karani yuko huru kuitoa au kuinyima. Wanorwei, wanaosifiwa kwa kushirikisha watumiaji mifumo inapotengenezwa, walianzia kwenye chama cha wafanyakazi wa chuma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakiwa na mwanasayansi Kristen Nygaard upande wao. Mwaka 1977 sheria ya kazi ikawapa wafanyakazi haki ya kuhusishwa mifumo inapopangwa. Yaani nguvu ilitangulia, ushirikishwaji ukafuata.

Desturi hiyo ndiyo iliyolea DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ambao mzizi wake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, hukohuko Norway. Kenya na Tanzania tunautumia nchi nzima. Ni mfumo mzuri, siupingi. Lakini nenda zahanati ya kijijini uone: muuguzi anajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, kwa mkono, anajumlisha mwisho wa mwezi, anapeleka wilayani. Anayeshirikishwa ni mimi, niliyeko wilayani.

Sasa huyo muuguzi wa mkataba, mganga mkuu wa wilaya amesimama mbele yake na mzabuni pembeni, atakataa kusaini? Utakuwa umembebesha lawama za mfumo mbovu, na saini yake iko hapo kama ushahidi.

Mleta mada

Afisa, hapo umenibana. Basi iwe kura ya siri, majibu yaende kwa mkaguzi wa ndani, yasipitie kwa mkurugenzi.

Mhasibu, tutenganishe mambo mawili. Pesa ipite benki au mkononi ni uamuzi wa serikali, karani haulizwi. Lakini dirisha likiwa na foleni ya watu sitini na mtandao ukikatika, afanye nini? Hilo anayelijua ni yeye peke yake.

Mzabuni Mdogo

Mnanipanga bila kuniuliza. Nimekopa benki kutekeleza kazi, kura imekuja "hapana" kwa sababu hamjaweka umeme wa akiba wala kompyuta za kutosha. Riba ya mkopo wangu analipa nani? Mjibu hilo kwanza.