Naombeni ushauri: niendelee na udaktari China au nihamie nchi nyingine?

#1 Binti_Kibosho
Wakuu habari za usiku. Mimi ni binti wa Kibosho, nasoma udaktari China, mwaka wa nne. Naomba ushauri, hasa kwa mliosoma nje au wenye watoto nje.

Kule kumenichosha. Baridi, chakula, upweke, lugha, vyote nimevivumilia, ila sasa naona bora nikamalizie kwingine. Nimepata wakala anayesema ataniingiza chuo kimoja cha Ulaya Mashariki, mwaka wa nne moja kwa moja, bila kupoteza hata muhula. Ada ni nafuu na masomo ni Kiingereza mpaka mwisho.

Nihame au nivumilie? Usingizi umenikimbia. Saa hizi ni saa nne usiku, mvua inapiga bati, nimekaa na simu nahesabu siku. Baba alishafariki. Mama anauza ndizi pale Mbuyuni, Moshi, na ndiye aliyenisomesha. Sitaki kumwangusha. Tafadhali msinitukane.

#2 Mangi_Kiborloni
Pole dada. Lakini hili la watoto wetu kukimbilia nje mimi silielewi. KCMC, hospitali yenye chuo cha udaktari, ipo hapo, mtoto wa Moshi anaiona akiwa kwao, halafu anakaa kwenye ndege zaidi ya saa kumi kwenda kusoma kitu kilekile. Mdogo wangu nilimkatalia. Akasoma uuguzi hapahapa, leo ana kazi, ana watoto wawili, na Desemba tunakunywa naye mbege nyumbani. Mimi nilimsomesha kwa mitumba ya Kiborloni, belo moja baada ya jingine, na sijawahi kulipa wakala hata senti.

#3 Mama_Neema
Mangi, si kila mtoto anapata nafasi hapa. Watu wanaomba udaktari kwa maelfu na nafasi ni chache.

Mwanangu, pole sana. Wa kwangu yuko India mwaka wa pili. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa ananipigia simu analia, hasemi kitu, analia tu, na mimi huku nimeshika simu jikoni wali unaungua. Sasa ametulia, amepata kanisa na wenzake wa Kitanzania wanapika pamoja Jumapili. Tafuta watu. Upweke unakuaminisha mambo ambayo mchana usingeyaamini.

#4 Babu_wa_Marangu
Wajukuu, mimi niliondoka Marangu mwaka 1979 na sanduku moja kwenda Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba. Chuo kile kilianzishwa 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Lumumba baada ya kuuawa. Theluji ya Kibo nilikuwa naiona kwa mbali tangu utoto. Siku nilipoikanyaga niliona kwamba sikuwa naijua.

Ninalotaka kusema ni hili. Mwaka wetu wa kwanza wote ulikuwa wa Kirusi. Hatukugusa hesabu wala uhandisi. Asubuhi Kirusi, jioni Kirusi, na usiku mwenzangu wa chumbani aliyetoka Laos nilizungumza naye Kirusi kibovu kwa sababu hatukuwa na lugha nyingine. Tuliona tunapotezewa mwaka. Mwaka wa pili, mwalimu alipoanza kuandika ubaoni, nikashukuru. Siku hizi mnaambiwa masomo ni Kiingereza, mnafurahi, halafu lugha ya wenyeji inawasubiri mbele. Binti, Kichina chako kikoje?

#5 Daktari_Mtarajali
Babu amegusa penyewe. Nimemaliza China, sasa niko kwenye utarajali, yaani mazoezi ya hospitalini baada ya chuo. Dada, kabla hujapewa ushauri wowote jibu haya:

Umedisko, yaani umeondolewa chuo kwa kufeli, au hujadisko? HSK, ule mtihani wa Kichina, daraja la nne umepata? Una transkripti, yaani karatasi ya matokeo, ya miaka yote mkononi? Wakala wako yuko kwenye orodha ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ya mawakala waliosajiliwa? Kuna hela umeshampa?

Mtu wa mwaka wa nne haamki tu akasema baridi imenichosha. Baridi inamchosha mtu wa mwaka wa kwanza.

#6 Ndoto_za_Berlin
Samahani kuingilia uzi. Kuna anayejua Ujerumani inataka hela kiasi gani kwenye akaunti?

#7 Mama_Neema
Mwanangu, fungua uzi wako.

#8 Daktari_Mtarajali
Ndoto, kwa haraka: vyuo vingi vya serikali havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Akaunti iliyozuiwa, ile unayoweka hela ya kujikimu, ni euro 11,904 kwa mwaka, unapewa 992 kila mwezi. Kiwango hicho kilianza Septemba 2024, hakikisha hakijapanda. Turudi kwa dada.

#9 Binti_Kibosho
Asanteni wote. Shikamoo Babu.

Sijadisko. Nilikuwa na ufadhili wa nusu ada. Mwaka jana nilipata sapu mbili, mitihani ya kurudia, ufadhili ukakatwa. Sasa natakiwa kulipa ada yote, yuani 30,000 kwa mwaka. HSK nimefanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata 171, ya pili 176. Kufaulu ni 180 kati ya 300. Chuo changu hakikuruhusu kwenda wodini bila cheti hicho.

Kuongea naongea. Sokoni napunguziwa bei, dereva wa teksi tunataniana. Kinachoniangusha ni kuandika. Naujua mstari kwa masikio, mkono unagoma.

Wakala nimempa milioni moja na laki nane ya kuanzia. Najua mtasema. Lakini ameshanionyesha barua za watu aliowapeleka, na ananijibu usiku na mchana, tofauti na ofisi za chuo ambazo hazikujali. Hajaniomba transkripti, kasema watamalizana wenyewe chuo kwa chuo. Sikukurupuka, nimelifikiria miezi mingi.

#10 Daktari_Mtarajali
Hapo kwenye transkripti ndipo unapoibiwa. Hakuna chuo kinachojua umesoma nini bila transkripti, na hawawezi kukuweka mwaka wa nne kwa maneno ya wakala. Ukifika utawekwa mwaka wa kwanza, au hufiki kabisa. Hata ukimaliza, TCU ndio watakaotambua shahada yako, na Baraza la Madaktari Tanganyika nalo lina masharti yake. Watakuuliza miaka mitatu ya mwanzo ulisoma wapi. Utawaambia nini?

Nakuambia haya si kwa kukuonea. Machi 28, 2020 China walipofunga mipaka kwa wageni mimi nilikuwa likizo Machame. Visa za wanafunzi zilianza kutoka tena Agosti 2022. Kipindi cha saa mbili asubuhi ya kule ni saa tisa usiku kwetu. Patholojia nimeisoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nimejifunika blanketi, naenda mpaka kwenye mgomba wa mwisho kutafuta mtandao. Wenzangu wanne walihama kwa mawakala wakati ule. Mmoja tu ndiye daktari leo, na alianza upya mwaka wa kwanza.

#11 Fundi_Majengo
Na Ulaya Mashariki yenyewe muwe mnauliza ni nchi gani. Binamu yangu alikuwa Ukraine Februari 24, 2022. Alitembea na begi la mgongoni mpaka mpaka wa Poland. Vyeti alivificha ndani ya nguo, na hicho ndicho kilichomwokoa baadaye.

#12 Mpita_Njia99
Nimesoma uzi wote kimya. Sasa niseme: hii ni chai, na imekolea tangawizi.

Mleta mada kaandika "saa hizi ni saa nne usiku". Uzi umefunguliwa saa nne usiku ya Tanzania. China wametutangulia saa tano, kule ilikuwa saa tisa usiku. Kaandika tena mvua inapiga bati. Bweni gani la chuo China limeezekwa bati? Halafu wakala kalipwa kwa shilingi, na chuo "hakikuruhusu", ofisi "hazikujali", kama mtu anayesimulia ya zamani.

Watu wanatoa machozi hapa na mwandishi amekaa zake anacheka.

#13 Mangi_Kiborloni
Duh. Hilo la bati sikuliona. Dada, jibu. Kama ni hadithi sema ni hadithi, tusipoteze usiku.

#14 Ndoto_za_Berlin
Nakaa pembeni.

#15 Mama_Neema
Mnamshambulia kama mmemkamata na kuku. Binti, kama uko salama andika neno moja tu.

#16 Binti_Kibosho
Niko salama mama.

Mpita Njia kasema kweli. Siko China. Niko Arusha, Sakina, chumba kimoja, na juu ni bati.

Nilirudi Januari, likizo ya mwaka mpya wao. Nilitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mchana. Nia yangu ilikuwa kwenda nyumbani nimwambie mama uso kwa uso kwamba ufadhili umekatwa. Mnaijua ile barabara ya KIA inapokutana na barabara kuu. Kulia Moshi, kushoto Arusha. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye gari, dereva akaniuliza, "Dada, Moshi?" Nikamwambia Arusha. Sijui mdomo ulitoa wapi neno hilo.

Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Wachina, natafsiri kati ya bosi na wateja. Nalipwa 450,000 kwa mwezi. Hela ya wakala imetoka humo, pamoja na akiba niliyorudi nayo.

Mama anajua niko chuoni. Tukipigiana video naweka shuka jeupe ukutani na kuvaa koti, joto likiwa kali jasho linanitoka mgongoni. Nampigia saa kumi jioni, kwa mahesabu ya kule ni saa tatu usiku, kwa hiyo nafunga dirisha ili mwanga usionekane. Mwezi uliopita nilisahau kulifunga vizuri. Kondakta akapita akiita "Sakina, Ngaramtoni, Ngaramtoni!" Mama akanyamaza. Nikamwambia ni video niliyokuwa naangalia. Akasema sawa mwanangu, ule vizuri. Tangu siku hiyo silali.

Alikata migrevilia kumi na moja ya kihambani, shamba letu la nyumbani, ili nipate nauli na ada ya mwaka wa kwanza, miti aliyopanda marehemu baba. Baba mdogo akampinga mbele ya ukoo, akasema mtoto wa kike atapotelea huko. Sasa mimi niende Kibosho nikaseme nini? Ndiyo maana nilitaka nipande ndege niende popote, nimalize, nirudi na cheti, halafu ndipo nieleze. Msinione mwongo kwa kupenda.

#17 Mpita_Njia99
Dada, nisamehe. Nilidhani ni wale wa kutunga. Pole sana.

#18 Daktari_Mtarajali
Pole mdogo wangu. Swali moja tu, na usinifiche. Uliondokaje chuoni? Ulitoroka au kuna barua?

#19 Binti_Kibosho
Kuna barua. Niliomba kusimamisha masomo mwaka mmoja. Walikubali. Natakiwa kuwaandikia kabla ya Juni 30 kama narudi Septemba, na kuambatanisha HSK au uthibitisho kwamba nimejiandikisha kuifanya. Nisipoandika wananifuta. Sikuitaja kwa sababu nilishaamua sirudi. Nikiiona naumwa tumbo.

#20 Daktari_Mtarajali
Yaani nafasi yako bado ipo! Uzi mzima tunajadili Ulaya Mashariki, kumbe kiti chako bado kipo na leo ni Mei.

HSK si lazima ufanyie China. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, na Chuo Kikuu cha Dodoma ipo nyingine. Piga simu uulize tarehe za mtihani, na uulize kama wana wa kompyuta. Kwenye kompyuta huchori herufi kwa mkono. Unaandika matamshi kwa herufi za Kilatini, unachagua herufi sahihi. Kwa mtu anayeongea na Wachina kutwa nzima dukani, alama nne ni kitu gani?

Ada ni tatizo la kweli, sikudanganyi. Lakini andika barua kwanza. Na huyo wakala usimwongezee hata mia.

#21 Babu_wa_Marangu
Mjukuu, barua yangu kutoka Moscow ilikuwa inafika Marangu baada ya mwezi, na nilikuwa naandika mazuri tu. Baba yangu alifariki akidhani kule nilikuwa nakula nyama kila siku. Sikuwahi kupata siku ya kumweleza. Wewe mama yako yuko kilomita themanini.

#22 Mangi_Kiborloni
Dada, maneno yangu ya mwanzo yafute. Mimi niko Kiborloni, Mbuyuni nafika kwa mguu. Kama unaogopa kwenda peke yako, sema, mke wangu atakusindikiza. Kuhusu baba mdogo usihangaike. Kila ukoo una baba mdogo.

#23 Binti_Kibosho
Nimesoma yote. Nimelia, ila si kwa ubaya. Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi.

#24 Ndoto_za_Berlin
Tunasubiri mrejesho dada.

#25 Binti_Kibosho
Mrejesho. Samahani nimekawia siku mbili.

Nilimkuta Mbuyuni, anapanga ndizi za mishare juu ya gunia. Aliniangalia, akaangalia viatu vyangu, akaendelea kupanga. Mteja alikuja akanunua mkungu, akampa chenji. Nikakaa kwenye ndoo pembeni yake. Tuliuza mpaka saa tisa. Njia nzima ya kurudi Kibosho hakuongea.

Usiku nikamweleza yote, kuanzia sapu mpaka shuka jeupe. Kuhusu kondakta alisema alijua siku ileile, maana gari za Ngaramtoni alizipanda sana alipokuwa msichana wa kazi Arusha. Alikuwa ananisubiri. Amekasirika sana, hasa kwa ile milioni moja na laki nane. Tangu jana ananiita kula tu, basi. Baba mdogo ameambiwa aje Jumapili.

Wakala hapokei simu tangu nilipomwambia nataka risiti.

Dar nimepiga, wamenipa utaratibu wa kujiandikisha, na leo saa tatu asubuhi nimetuma barua pepe chuoni. Kule ilikuwa saa nane mchana, ndiyo wanarudi ofisini kutoka mapumzikoni. Bado hawajajibu.