MREJESHO: Hukumu ya upande mmoja imetenguliwa

Wakuu, habari za siku. Ni mimi niliyeuliza kuhusu mdogo wangu aliyebishiwa hodi na dalali wa mahakama (anayekamata mali ili hukumu itekelezwe), akidaiwa pesa za vifaa vya ujenzi, ilhali hakuwahi kusikia kama ana kesi. Kumbe hukumu ilishatolewa bila yeye kuwepo, ndiyo hiyo ya upande mmoja.

Mliosema tukate rufaa, asanteni, ila wakili alikataa. Kwanza unarudi mahakama ileile iliyotoa hukumu kuomba iitengue (iifute), chini ya Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, na una siku 30 tu. Zikipita, unaanza kuhangaika na maombi ya kuongezewa muda, na huko napo lazima utoe sababu za msingi.

Kilichotuokoa ni kulipekua jalada la kesi. Mle tulikuta kiapo cha mpeleka samansi (wito wa mahakama) kinachosema dogo alikataa kusaini. Alikataa wapi? Kwenye fremu ya duka ambayo alikuwa ameshahama kitambo! Mwenye fremu akala kiapo kuthibitisha hilo, na mkataba wa pango wa mpangaji mpya tukauambatanisha. Hakimu akaona wito haukumfikia ipasavyo, akaitengua hukumu. Ukazaji, yaani utekelezaji wa hukumu, nao ulikuwa umesimamishwa kwa muda kusubiri uamuzi, maana dalali alishaanza kuorodhesha hadi friji.

Gharama za maombi kila upande unabeba zake. Mimi niliona tungelipwa, basi tu.

Deni lenyewe bado halijaamuliwa. Sasa dogo ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na tunatafuta risiti za malipo ya awali.