Samuel Fosso: je, hizi ni picha zake au za watu wengine?

Swali
Ndugu zangu, mpiga picha Samuel Fosso alizaliwa Kameruni mwaka 1962 na kufungua studio yake ya picha mjini Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, akiwa na umri wa miaka 13 tu. Picha zilizompa jina amejipiga mwenyewe, lakini kila mara anaonekana mtu mwingine. Je, tuzihesabu kuwa taswira za nafsi yake, au ni maigizo?

Jibu la kwanza
Tuanzie Bangui. Baada ya kuwahudumia wateja, alimalizia mkanda uliobaki kwa kujipiga picha, akiwa amevaa suruali pana na miwani ya jua, ili amtumie bibi yake aliyekuwa Nigeria. Hapo simwoni mwigizaji, bali kijana anayejaribu sura anazozitamani.

Jibu la pili
Kwa picha za awali nakubaliana nawe, ila mfululizo wake wa picha wa mwaka 2008 ni jambo jingine kabisa. Humo anakuwa Lumumba, Malcolm X, Angela Davis (naam, mwanamke), na hata Muhammad Ali aliyechomwa mishale mwilini, akiiga picha maarufu ya bondia huyo ya mwaka 1968 hadi mkao wa kichwa. Naiona kuwa heshima kwa waliowapigania watu weusi.

Muuliza swali
Basi yule chifu anayemwigiza katika picha ya mwaka 1997, mwenye ngozi ya chui na maua ya alizeti, anamheshimu nani?

Jibu la pili
Hamheshimu mtu. Huyo ni chifu aliyewauzia wakoloni Afrika, na mapambo yake yaliyopita kiasi ndiyo kejeli yenyewe.