Pointi 171,200 za hoteli: ninunue zilizopungua, nilipe fedha, au niziache?

FundiEksirei

Habari zenu wakuu. Huwa nasoma tu humu na kuondoka, leo nimeona niulize.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mashine za eksirei, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nalala hotelini. Chumba analipa mwajiri, pointi zinaingia kwangu. Niko Hilton Honors, programu ya pointi ya hoteli za Hilton, daraja la Gold, na asubuhi hii salio linasoma 171,200. Sijawahi kutumia hata moja. Kazi yangu imekuwa kuzichungulia tu, kama mtu anayefungua kabati kuhakikisha suti ya harusi bado ipo.

Sasa mimi na mke wangu tunatimiza miaka 15 ya ndoa. Amechagua hoteli ya ufukweni, siku tano. Chumba cha kawaida ni pointi 45,000 kwa usiku. Kwa fedha ni dola 240, au 205 ukichukua ile bei isiyorudishwa. Nimepiga hesabu: 45,000 mara tano ni 225,000, nimepungukiwa 53,800. Wananiuzia pointi elfu moja kwa dola 10, yaani kama dola 540 hivi. Halafu nikagawanya 240 kwa 45,000, nikapata kama nusu senti kwa kila pointi. Nimesoma kwamba pointi za Hilton thamani yake ni hapohapo, nusu senti, basi nikajiona niko sawa.

Ninunue? Nilale siku tatu kwa pointi na mbili kwa fedha? Au niziache ziongezeke? Naogopa kuzubaa kwa sababu mtandao mwingine wa hoteli, sitautaja, uliwahi kunifutia pointi 38,000. Nilikaa muda mrefu bila kulala kwao, siku moja nikafungua apu nikakuta sifuri. Sikupigiana kelele na mtu, masharti yaliandikwa. Lakini iliniuma.

BiDaftari

Kaka Fundi, rudisha kadi ya benki mfukoni kwanza.

Soma tena ulichoandika. Unataka kununua pointi kwa senti moja ili uitumie kwa nusu senti. Hata muuza mitumba hafanyi hivyo. Hao Hilton wenyewe mara kwa mara hutoa ofa ya kununua pointi na kupewa nyingine idadi ileile, na hapo inakuwa nusu senti. Kwa hiyo hata kama ungelazimika kununua, usingenunua leo.

Ila hulazimiki. Wewe ni Gold. Hilton kuanzia daraja la Silver, lililo chini ya Gold, ukiweka nafasi ya siku tano mfululizo, chumba cha kawaida, kwa pointi zote, usiku wa tano ni bure. Unalipa siku nne: 180,000. Umepungukiwa 8,800, siyo 53,800. Na ukigawanya siku tatu kwa pointi na mbili kwa fedha, huo usiku wa bure umeutupa mwenyewe.

Sasa nijibu mawili. Kodi ni asilimia ngapi, na kuna ada ya risoti, ile ya lazima inayoongezwa juu ya bei ya chumba? Bei ya kwenye tangazo haina maana mpaka ufike ukurasa wa mwisho wa kulipa. Pili, mkeo ana akaunti?

FundiEksirei

Dada BiDaftari, asante, hapa nimekaa chini. Kodi asilimia 13. Ada ya risoti ipo, dola 30 kwa usiku, sikuiona mpaka nilipofika kwenye kulipa kama ulivyosema. Mke wangu alijiunga zamani tulipokwenda kwenye harusi ya dada yake. Nimemuuliza, ameanza kutafuta nywila.

BiDaftari

Vizuri. Twende taratibu.

Tuchukue bei yako ya chini, 205. Siku tano ni 1,025. Ongeza ada ya risoti 150, inakuwa 1,175. Weka kodi asilimia 13 juu ya vyote, jumla ni dola 1,327.75. Hizo ndizo dola zitakazotoka kwako ukilipa fedha. Ukilipa kwa pointi zote, Hilton hawakutozi ada ya risoti, na kodi ya chumba huilipi. Gawanya 1,327.75 kwa 180,000: senti 0.74 kwa pointi. Umeona tofauti na ile nusu senti yako? Chumba ni kilekile. Umeikaribia robo tatu kwa sababu ya usiku wa tano, kodi na ada, vitu vitatu ambavyo hukuvihesabu.

Usishangilie bado. Ukilipa fedha ungepata pointi. Msingi ni 10 kwa kila dola ya chumba, na Gold wanaongezewa asilimia 80, zinakuwa 18. Dola 1,025 mara 18 ni pointi 18,450. Ukitumia pointi hizo unazikosa, kwa hiyo gharama yako halisi ni 198,450. Gawanya tena: senti 0.67. Namba ya kuandika daftarini ni hiyo. Wengi wanaojisifu mitandaoni kwamba wamepata thamani kubwa huwa wameruka mstari huu.

Kuna na jambo la kurudishiwa. Ile 205 ukilipa leo na mtoto akaugua kesho, imekwenda. Nafasi ya pointi kwa kawaida unaweza kuifuta ndani ya muda uliowekwa na pointi zinarudi. Kwa hiyo kwa haki ulinganishe na 240. Ukifanya hivyo unapata senti 0.76 baada ya kuondoa pointi unazokosa. Mimi ningeshika 0.67, kwa sababu najua ungechukua ya bei rahisi. Watu wa kuzibana senti najuana nao.

Na tafadhali usichukue namba hizi ukazipeleka kwenye mtandao mwingine. Pointi ya huku siyo pointi ya kule. World of Hyatt wanatoa 5 kwa dola, kwa hiyo yao moja ina uzito zaidi. Marriott Bonvoy nao wana usiku wa tano bure, lakini ada ya risoti wanakutoza hata kama chumba umelipa kwa pointi. Accor ndio wepesi kuliko wote: pointi 2,000 ni euro 40 kwenye bili, basi, huna haja ya mimi. Lakini kwa urahisi huohuo, huwezi kupata siku ya bahati ambapo pointi inanunua mara mbili ya thamani yake.

KobeMzee

Bi Daftari hesabu zako hazina doa, lakini umeanzia ghorofa ya pili.

Fundi, nikuulize kiume. Hizo pointi zisingekuwepo, ungetoa dola 1,327 mfukoni ukalale hapo? Usijibu haraka. Kama jibu ni ndiyo, basi senti 0.67 ni yako halali. Kama jibu ni "hapana, tungelala nyumba ya wageni ya dola 110 hatua chache kutoka hapo na bahari ni ileile", basi ulichookoa ni dola 550. Gawanya 550 kwa 180,000, senti 0.31. Bei ya hoteli ni matakwa ya hoteli. Kwako thamani ya pointi ni fedha ambayo kweli ingetoka.

Mimi niliwahi kulala siku mbili kwenye chumba ambacho bei yake iliandikwa dola 900. Nikatembea kifua mbele mwezi mzima. Baadaye nikajiuliza, hivi ningelipa 900? Nisingelipa hata 300. Pointi zile zingenilaza wikendi sita mahali pa kawaida ambapo nililipa fedha kwa ubishi, "nikitunza pointi kwa ajili ya kitu kikubwa".

Hilo la kuziacha zikue nalo nikujibu, maana wengine hawakuligusa. Pointi haizai. Ng'ombe ukimwacha anazaa, fedha benki inapata riba hata kama ni kiduchu, pointi inakaa tu huku mwenye programu akipandisha bei ya usiku. Na anaweza kupandisha bila kukuuliza, imo kwenye masharti. Zamani kulikuwa na jedwali: hoteli ya kundi fulani ni pointi kadhaa, unajua unachokusanyia. Hilton waliacha jedwali mwaka 2017, Marriott wakafuata 2022, sasa pointi zinapanda na kushuka karibu na bei ya fedha. Nilianza enzi za Starwood, mtandao wa hoteli wa zamani, wengine humu hamkuzaliwa kwenye mambo haya. Marriott walipowanunua mwaka 2016, pointi moja ya Starwood tulibadilishiwa kwa tatu za Marriott. Waliozitumia mapema walilala vizuri. Mimi nilikuwa bado "natunza".

Kufutwa usiogope sana. Hilton muda ni miezi 24 bila shughuli yoyote, na wewe unalala kwao kila mara. Kinachokula pointi zako ni bei kupanda, na hiyo haikutumii barua pepe.

MapokeziUsiku

Naingia kwa upande wa pili wa kaunta. Nafanya zamu ya usiku kwenye hoteli ya mtandao, siyo huo lazima.

Watu wanadhani mgeni wa pointi tunamtazama kama amekuja bure. Siyo hivyo. Hoteli nyingi siyo mali ya mtandao, zinatumia jina tu. Wewe ukilala kwa fedha, hoteli inachangia kwenye mfuko wa programu. Ukilala kwa pointi, mfuko unailipa hoteli. Siku ambazo hoteli imekaribia kujaa, malipo yanakaribia bei ya wastani ya chumba. Siku za ukame ni kidogo, pengine kinachotosha kufua mashuka na kumlipa msafishaji. Ndiyo maana wenye hoteli wengine ni wachoyo wa kuita chumba "cha kawaida". Utakuta chumba kilekile, tofauti ni kidirisha kinachoona bahari kwa upande, kinaitwa cha juu na pointi zake ni mara tatu. Hizo usiziguse. Usiku wa tano bure nao hauhusu vyumba hivyo. Ukikosa cha kawaida leo, angalia tena baada ya siku chache, watu hufuta.

Jambo la pili, Fundi. Haki zako za Gold hazifi kwa sababu umelipa kwa pointi. Kifungua kinywa au mbadala wake kulingana na mahali, chumba bora kikiwepo, na siku hizo tano zinahesabiwa kwenye daraja lako la mwaka. Andikia hoteli wiki moja kabla, sema ni miaka 15 ya ndoa. Usidai kitu. Mstari mmoja. Sisi wa zamu ya usiku ndio tunaopanga vyumba vya kesho, na ujumbe wa kistaarabu saa nane za usiku unasomwa kwa makini kuliko unavyofikiri.

FundiEksirei

Mzee Kobe, nimelichukua swali lako mezani kwa chakula cha jioni. Mke wangu amejibu kabla yangu: "Wewe? Dola elfu moja na mia tatu? Ungetupeleka kwa shangazi yako." Kwa hiyo ukweli uko karibu na nyumba ya wageni kuliko ufukweni. Lakini akaniambia na jingine. Hizo siku zote nilizolala hotelini ndizo alizokuwa peke yake na watoto, na yeye hahesabu kwa senti. Hapo sikuwa na la kugawanya.

Nywila imepatikana. Ana pointi 14,350. Nahamishaje 8,800 kwangu, na kuna ada? Pia kuna mtu kazini ananishauri nizigeuze zote kuwa maili za ndege.

BiDaftari

Ada hakuna. Tafuta sehemu ya kuchangia pointi kwenye akaunti, Hilton wanaruhusu hadi watu 11 kuchanga kwenye chungu kimoja. Inakwenda kwa maelfu, kwa hiyo achange 9,000.

Maili, mwambie huyo wa kazini akae nazo zake. Kwa mashirika mengi ya ndege, Hilton 10,000 zinakuwa maili 1,000. Hesabu 171,000 zako zinakuwa ngapi halafu ukae kimya kidogo.

Ukishaweka nafasi, usifunge ukurasa moja kwa moja. Ingia mara moja kwa wiki uangalie bei ya fedha. Ikianguka sana, kwa mfano 130, futa kabla ya tarehe ya mwisho, lipa fedha, pointi zinarudi. Ikipanda, kaa kimya ucheke.

Mzee Kobe, kuhusu 0.31 nimekubali nusu. Nyumba ya wageni haina usiku wa tano bure.

KobeMzee

Ina mwenyeji anayekukumbuka jina. Ila nenda Fundi, nenda. Mke ameshatoa hukumu, mimi ni nani.

FundiEksirei

Nimerudi kutoa mrejesho. Amechanga 9,000, zimeingia siku hiyohiyo, salio likawa 180,200. Chumba cha kawaida kilikuwa kimepotea jana usiku, nikatoka jasho, leo asubuhi kimerudi. Siku tano, pointi 180,000, fedha sifuri. Nimemwandikia mtu wa mapokezi mstari mmoja kama ulivyosema, MapokeziUsiku, nimeufuta na kuuandika upya mara nne.

Salio langu ni pointi 200. Mke wangu amebaki na 5,350, na tangu jana ananiuliza kama nahitaji mkopo.