Brekipointi ya saba inagoma, na ya kwenye RAM inarukwa

waya_mwekundu

Wakuu, habari za kazi. Bodi yangu ni STM32F103, ndani yake prosesa ya Cortex-M3, nadibagi (nasaka hitilafu) kwa dibaga ya GDB kupitia OpenOCD, programu inayoiunganisha na bodi. Kuna kigeu kimoja, `idadi`, kinabadilika thamani bila mimi kukigusa. Kumsaka mchawi nimetega brekipointi sita (alama za kuisimamisha programu) kwenye funksheni zote ninazozishuku. Zinashika vizuri. Ila nikiandika `next` nipite juu ya funksheni, GDB inalalamika kwamba imeshindwa kuweka brekipointi ya hadiwea. Sijaongeza yoyote!

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Funksheni `andika_ukurasa`, ile inayoandika flashi (kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa), nimeipanga ikimbie kwenye RAM, anwani 0x20000154. Nikiweka `break` pale mara tu baada ya reset halafu `continue`, programu inapita kama hakuna kitu. Nikiwa na brekipointi nyingine kwenye `main`, basi ile ya RAM inashika, lakini nikiendelea naangukia HardFault (kosa kubwa linaloikwamisha prosesa), hasa kama nimetoka kuzima na kuwasha umeme. Bila dibaga funksheni hiyo haina tatizo lolote. `hbreak`, amri ya brekipointi ya hadiwea, ndiyo kabisa, inakataliwa. Nakosea wapi?

mzee_wa_rejista

Ndugu, haya ni mambo mawili yaliyokupata kwa pamoja.

La kwanza ni jepesi. Ndani ya Cortex-M3 kuna kizio kinaitwa FPB, chenye rejista sita za kulinganisha anwani za maelekezo. Prosesa ikifikia elekezo ambalo anwani yake imeandikwa humo, inasimama. Zikijaa sita, zimejaa. Na `next` nayo huomba moja ya muda, ya kutega pale funksheni itakaporudi. Hiyo ndiyo ya saba uliyoiweka bila kujua. Futa moja, itapita.

Sasa hiyo RAM. FPB ya Cortex-M3 inatazama anwani zilizo chini ya 0x20000000 tu, yaani eneo la kodi. Funksheni yako iko juu ya mstari huo, kwa hiyo `hbreak` haina pa kushika. Inabaki brekipointi ya softiwea: dibaga inasoma baiti mbili zilizopo pale, inazihifadhi pembeni, na mahali pake inaandika 0xBE00, elekezo la BKPT linaloisimamisha prosesa. Kwenye flashi hilo haliwezekani kirahisi, maana lazima ukurasa mzima ufutwe na kuandikwa upya. Kwenye RAM ni sekunde sifuri.

Ila fuata mtiririko wako. Umetoka kwenye reset, `andika_ukurasa` bado haijafika RAM, iko flashi inasubiri kodi ya kuanzishia iinakili. Dibaga imehifadhi takataka iliyokuta pale, imeandika BKPT. Unasema `continue`. Kodi ya kuanzishia inanakili funksheni halisi juu ya BKPT yako. Brekipointi imefutika, programu inapita. Hapo umeelewa kwa nini inarukwa.

Ukiwa na brekipointi ya `main` mambo yanakuwa mabaya zaidi. Programu ikisimama, GDB kwa kawaida huondoa brekipointi zote na kurudisha baiti zilizohifadhiwa. Baiti zipi? Ile takataka! Imeandikwa juu ya kodi nzuri iliyokwisha kunakiliwa. Ukiendelea, BKPT inawekwa tena, inashika, unafurahi, kisha prosesa inatekeleza takataka. Na ukifanya reset bila kuzima umeme, RAM bado ina funksheni ya mzunguko uliopita, kwa hiyo "takataka" inasadifu kuwa sahihi. Mimi hili lilinila siku mbili nikilaumu mistari ya usambazaji umeme, nikabadilisha hadi kapasita.

Fanya hivi: `tbreak main` (brekipointi ya mara moja tu), `continue`, na ukishasimama hapo ndipo uweke `break andika_ukurasa`. Ukirudia reset, ifute kwanza hiyo ya RAM.

Halafu, samahani kwa kukusema, brekipointi sita za kusaka kigeu kinachoharibika ni kuvua samaki kwa uzi. Andika `watch idadi`, isimame kigeu kikibadilika. Hiyo inatumia DWT, kizio kingine chenye kompareta nne, haigusi zile sita. Kumbuka tu kwamba inasimama maelekezo machache baada ya uandishi wenyewe, basi angalia nyuma kidogo ya pale PC (rejista ya elekezo linalotekelezwa) ilipo.

nusu_volti

Nyongeza: usije ukachoka ukaandika `bkpt` mwenyewe kwenye kodi kisha ukaisahau. Nilifanya hivyo. Mezani bodi ilikwenda vizuri, ilikuwa inasimama, nabonyeza endelea. Ilipofungwa kwenye boksi bila dibaga ikawa inakufa inapowashwa, kwa sababu BKPT bila dibaga ni HardFault. Siku hizi naikinga kwa kusoma biti 0 ya 0xE000EDF0, ile C_DEBUGEN inayoonyesha kama dibaga imewashwa. Ukijaribu, zima umeme kabisa. Reset ya kawaida haiifuti biti hiyo.

mzee_wa_rejista

@nusu_volti hapo kwenye kuzima umeme umenikumbusha machungu.

waya_mwekundu

Nimerudi. `tbreak main` kwanza, kisha ya RAM: inashika, naendelea, hakuna HardFault, hata baada ya kuchomoa umeme mara tatu. Sita zote nimezifuta.

`watch idadi` imesimama ndani ya kitanzi cha kupokea data. PC ilikuwa mstari mmoja chini ya `bafa[i] = baiti;`, na `i` ilikuwa 64. Bafa ina nafasi 64, yaani namba 0 hadi 63, na `idadi` imekaa jirani yake kwenye RAM. Kwenye sharti la kitanzi nimebadilisha `<=` kuwa `<`.